Miaka Miwili Kijijini: Karaha za Kujitolea Ugenini

Kujitolea ugenini ni kazi ya mtu anayeondoka kwao kwa hiari, bila mshahara wa soko, akaenda kuishi na jamii ya nchi nyingine ili ashiriki katika mradi wake wa maendeleo: kisima, darasa, zahanati, kitalu cha miche au kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kwa kawaida hupewa fedha za kujikimu, nyumba na bima ya matibabu. Anayejiandikisha huwa na nia njema, na wengi huwa na elimu nzuri. Hata hivyo, wanaorudi husimulia kuvunjika moyo kunakofanana sana, awe mmoja alikuwa Makete, mwingine Kakamega na wa tatu Gulu. Shida inayojirudia kwa watu tofauti katika vijiji tofauti haiwezi kuelezwa kwa tabia ya mgeni mmoja wala kwa uvivu wa kijiji kimoja. Chanzo chake kimo katika namna kazi yenyewe inavyopangwa, tangu ombi la kwanza hadi siku ya kuaga.

Mipango mikubwa ya aina hii ilizaliwa katika miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1958 Alec na Mora Dickson walianzisha VSO nchini Uingereza, ambayo mwanzoni ilipeleka vijana waliotoka tu shule ya sekondari. Machi 1961 Rais John F. Kennedy wa Marekani alitia saini amri iliyounda Peace Corps, na kabla mwaka huo haujaisha watu wake walikuwa wamefika Ghana na Tanganyika. Norway ilifuata mwaka 1963, Japani mwaka 1965, na Umoja wa Mataifa ukaamua kuwa na mpango wake mwaka 1970. Ujerumani ilianzisha Weltwärts mwaka 2008 kwa ajili ya vijana wa miaka 18 hadi 28. Afrika Mashariki imewapokea watu wa mipango hii karibu yote, tena kwa zaidi ya nusu karne, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuichunguza kazi hii.

Ombi la nani?

Kundi la kwanza la Peace Corps lililoingia Tanganyika mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru, lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Mwalimu Nyerere aliwahi kueleza kwamba nchi ilianza uhuru ikiwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Barabara za kutolea mazao mashambani zilihitaji kupimwa na wapimaji hawakuwapo. Serikali iliomba wapimaji, ikaletewa wapimaji, nao wakapima. Mtu aliyerudi kutoka porini na ramani ya kilomita alizopima hakuwa na sababu ya kujiuliza amefanya nini.

Ombi la namna hiyo leo ni adimu. Vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda hutoa wahandisi, wauguzi na maofisa kilimo kila mwaka, na wengi wao hukaa mtaani wakisubiri ajira. Upungufu mkubwa uliobaki ni wa fedha za kuwaajiri. Kwa sababu hiyo kazi ya mgeni imeandikwa upya kwa maneno mapana: kuijengea jamii uwezo, kuhamasisha, kuwezesha vijana. Maneno hayo hayana kipimo. Mtu aliyetumwa kupima barabara hujua jioni amefika wapi, lakini aliyetumwa kuhamasisha anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua kama ameanza.

Safari ya ombi lenyewe huongeza utata. Shirika lina watu wa kupeleka, nalo huiandikia wizara. Wizara hushusha suala mkoani, mkoa kwa mkurugenzi wa halmashauri, halmashauri hutaja kata, kisha mtendaji wa kata humpigia simu mtendaji wa kijiji. Kijiji huwa cha mwisho kuarifiwa, na mara nyingi kinachoulizwa ni kama kuna nyumba yenye mlango unaofungika. Hakikatai. Mgeni hafukuzwi, na zaidi ya hapo wazee hukumbuka kwamba wageni wa namna hiyo waliwahi kuja na fedha za bwalo la shule au za tangi la maji. Mgeni huamini ameletwa kwa ajili ya ujuzi wake. Wenyeji humpokea wakiamini kwamba nyuma yake yupo mfadhili. Adabu ya pande zote mbili huzuia jambo hilo kusemwa wazi, na miezi hupita kila mmoja akingoja kitu ambacho mwenzake hakukusudia kukileta.

Vibali navyo huchosha. Nchini Tanzania mtu anayejitolea huhitaji kibali cha ukaazi cha daraja C, ambacho ni daraja la watafiti na wanafunzi pia, na kinapochelewa yeye hukaa tu. Kikishapatikana huanza mzunguko wa kujitambulisha: barua mkononi, kitabu cha wageni wilayani, kitabu cha wageni kwenye kata, kisha kikao na mwenyekiti wa kijiji. Wageni wengi huona siku hizo zimepotea bure. Hapo wanakosea. Mzunguko huo ndio unaomfanya atambulike kama mtu wa kijiji fulani, chini ya dhamana ya viongozi fulani, na mradi ulioruka hatua hiyo hukwama baadaye mahali ambapo hakuna wa kuukwamua. Kinachostahili kulaumiwa ni kwamba hakuna aliyemweleza hayo mapema.

Kalenda mbili

Muda wa kazi wa Peace Corps ni miezi 27, ambapo mitatu ya kwanza ni ya mafunzo ya lugha na kazi. Ukihesabu kwa ofisi, miaka miwili iliyobaki inaonekana mingi. Ukihesabu kwa shamba, ni misimu miwili tu ya mvua. Katika Nyanda za Juu Kusini mvua huanza karibu na Novemba na kukatika Aprili au Mei. Mgeni wa kilimo anayefika kijijini Njombe hutumia msimu wa kwanza kuangalia, kwa kuwa hajui udongo wala watu. Msimu wa pili hujaribu. Jaribio likienda kombo, kama inavyotokea kwa majaribio mengi ya kwanza, hana msimu wa tatu wa kulirekebisha. Mche wa parachichi uliobebeshwa huanza kuzaa kuanzia takriban mwaka wa tatu. Aliyeupanda pamoja na kikundi cha vijana anakuwa ameshaondoka wakati tunda la kwanza linapochumwa, na kama mti ulikauka hatajua ulikauka kwa nini.

Ndani ya misimu hiyo miwili zipo siku ambazo kijiji hakifanyi kazi ya mtu mwingine. Kuanzia mvua za kwanza hadi palizi, kila mwenye jembe yuko shambani, na mkutano ulioitwa saa nne asubuhi utahudhuriwa na wazee na walimu. Kati ya Januari na Machi ghala za wengi hukaribia kuisha. Hiyo ndiyo miezi ya kutafuta vibarua, na kumwambia mtu aje kwenye semina ya lishe wakati huo ni kumwomba apoteze chakula cha siku ili afundishwe kuhusu chakula. Kisha kuna misiba. Msiba ukitokea kijijini kazi husimama, wanaume huchimba kaburi, wanawake huchota maji na kupika, na mkutano huahirishwa bila mjadala. Kwa mgeni mwenye ratiba, misiba miwili katika wiki moja ni hasara. Kwa kijiji, asiyekwenda msibani hana haki ya kuitisha mkutano wowote baadaye.

Shirika nalo lina kalenda yake, ya ripoti za robo mwaka na mwisho wa mwaka wa fedha, ambayo haijali masika wala mavuno. Fedha za ujenzi zinazotoka Januari hulazimu saruji isafirishwe kwenye tope. Robert Chambers, mtaalamu Mwingereza wa maendeleo ya vijijini, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1983 jinsi wataalamu wanavyozoea kufika vijijini wakati wa kiangazi na kuishia karibu na barabara ya lami, hivyo wasiuone umaskini wa masika na wa ndani. Mtu wa kujitolea ana nafasi ambayo wataalamu hao hawakuwa nayo, maana yeye analala kijijini mvua ikinyesha. Inasikitisha kwamba anachokiona huko mara chache huulizwa na ofisi iliyomtuma, ambayo fomu zake zina nafasi ya idadi ya waliohudhuria tu.

Pampu isiyotoa maji

Hakuna mradi unaoonyesha karaha hizi vizuri kama maji. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 uliolenga kila mkaazi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991. Lilikuwa lengo la heshima kubwa kwa nchi maskini. Fedha zake kwa sehemu kubwa zilitoka nje, na mikoa ikagawanywa kwa wafadhili: Wafini wakachukua Mtwara na Lindi, Wadenishi wakachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waholanzi wakafanya kazi Shinyanga na Morogoro, na Waswidi wakawa na mpango wa HESAWA kuzunguka Ziwa Viktoria kuanzia 1985 hadi 2002. Kila mmoja alikuja na wahandisi wake na mara nyingi na pampu za kwao. Pampu za Nira zilizofungwa Mtwara zilitoka Finland. Raba ya pampu ya mkoa mmoja haikufaa pampu ya mkoa mwingine, na duka la vipuri halikuweza kuwa na biashara ya maana mahali penye pampu chache za aina ileile.

Wakati huo wananchi waliambiwa kwamba maji vijijini ni bure na ni wajibu wa serikali. Sera ya maji ya mwaka 1991 iligeuza jambo hilo, ikawataka wachangie, wafungue mfuko wa maji na wachague kamati. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu za msingi, kwani hazina haikumudu tena dizeli na matengenezo. Lakini pampu ambazo wananchi walitakiwa kuzigharamia nyingi zilikuwa zimekwisha kuharibika, na walikuwa hawajachagua aina yake wala mahali pa kuzichimbia. Huko Kenya na Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilibuniwa pampu ya Afridev, ambayo kijiji kinaweza kuifungua chenyewe kwa spana moja na kubadilisha raba bila kumngoja fundi wa wilaya. Ulikuwa ubunifu mkubwa. Hata hivyo raba hununuliwa kwa fedha, na fedha hutunzwa na watu.

Katikati ya historia hii ndefu anafika mtu wa kujitolea mwenye miaka 24, ambaye hajui hata sehemu moja ya yaliyotangulia. Anaona pampu yenye kutu, na kilomita mbili mbele anaona akina mama na ndoo vichwani. Moyo wake unauma, na unapaswa kuuma. Anaandikia marafiki na kanisa la kwao, fedha zinapatikana, pampu mpya inafungwa, mkuu wa wilaya anakuja kuizindua. Mwaka mmoja au miwili baadaye raba inakatika. Mfuko wa maji una fedha kidogo kwa sababu mhasibu wa kamati alikopesha watu waliofiwa na hakulipwa, fundi aliyefunzwa amekwenda mjini kutafuta maisha, na wanakijiji wanamwandikia mgeni ambaye sasa amesharudi kwao. Yeye anahuzunika na kusema watu hawana moyo wa kutunza. Wao wanaona ni kawaida kabisa kumwita aliyeileta aje kuitengeneza, kama walivyofanya baba zao kwa Wafini na Wadenishi.

Swali ambalo lingemsaidia ni dogo: pampu ya mwanzo ilikufa siku gani, na siku iliyofuata nani alifanya nini? Jibu lake huwa ni historia nzima ya kijiji: nani alikusanya fedha, nani alikataa kuchangia, mgogoro gani wa vitongoji viwili ulifanya kisima kichimbwe upande mmoja. Kulipata huchukua miezi ya kukaa barazani na kusikiliza. Tangu Julai 2019 Tanzania ina RUWASA, wakala wa maji vijijini, pamoja na vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii vilivyosajiliwa kisheria, vyenye viongozi na akaunti benki. Mgeni anayetaka kusaidia maji leo hana haja ya kuunda kamati mpya yenye jina la mradi wake. Chombo kipo. Kukaa na mhasibu wa chombo hicho hadi hesabu zake zisomeke mbele ya mkutano ni kazi isiyo na uzinduzi wala picha, na ina thamani kuliko pampu mpya.

Michango na posho

Wafadhili wengi wa miradi midogo hutaka jamii ichangie sehemu yake. Ruzuku ndogo zinazopitia kwa watu wa Peace Corps, kwa mfano, hutaka jamii itoe angalau asilimia 25 ya gharama, na mchango huo huweza kuwa mchanga, mawe, matofali au nguvu kazi. Sharti hilo ni zuri, na watu wa eneo hili hawakufundishwa na mgeni: Watanzania wana msaragambo, Wakenya harambee, Wanyarwanda umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tatizo ni kwamba mgeni hufika akidhani mchango anaouomba ni wa kwanza. Kijiji hichohicho kilibeba mawe ya sekondari ya kata baada ya mwaka 2006, kikachangia maabara za sayansi mwaka 2014, kikafyatua matofali ya zahanati ambayo boma lake limeota nyasi likisubiri bati. Mwananchi anayekunja uso anapoambiwa kuhusu mchango mwingine ana kumbukumbu ya michango ambayo hakuona mwisho wake. Njia ya kumrudishia imani ni kuezeka lile boma lililosimama kabla ya kuanzisha jingine.

Posho huleta uchungu zaidi. Mgeni huandaa mafunzo kwa uangalifu, halafu siku ya kwanza huulizwa kuna posho kiasi gani. Hujibu kwamba hakuna, na siku ya pili ukumbi huwa nusu tupu. Wengi huandika kwamba hilo ndilo jambo lililowaumiza kuliko yote, kwa sababu wao wenyewe wamekuja bila mshahara na huona wenyeji wanataka kulipwa kwa ajili ya maendeleo yao. Haki inadai jambo hili litazamwe vizuri. Posho ya kikao ilienea vijijini kupitia miradi ya wafadhili, ambayo ililipa ili ukumbi ujae na ripoti ipendeze. Mkulima aliyeacha shamba siku nzima amepata hasara ya kweli. Na mgeni asiye na mshahara anayejilinganisha naye ana tiketi ya ndege ya kurudi, bima, na jina la shirika litakalompa kazi nzuri kwao. Mafunzo yanayofanyika saa za jioni, chini ya mti wa kitongoji, kwa saa moja badala ya siku tatu hotelini wilayani, hupata watu bila posho. Hayo ya hotelini hayatawapata.

Lugha, upweke na macho ya watu

Mgeni wa Tanzania hufundishwa Kiswahili, tena kwa bidii, na hujivunia anapoweza kujadiliana bei sokoni. Kisha hupelekwa mahali ambapo bibi anayefahamu mengi kuhusu mbegu huzungumza Kibena au Kimatengo, na vikao vya akina mama huhamia lugha ya nyumbani mara tu mjadala unapopamba moto. Kiswahili kinamfikisha kwa mtendaji, mwalimu na mwenye duka, watu ambao tayari husikika. Wale ambao mradi uliandikwa kwa ajili yao humfikia kupitia tafsiri ya mtu mwenye maslahi yake. Salamu za lugha ya pale na maneno mia mbili ya shambani hubadilisha mengi kuliko ufasaha wa Kiswahili cha darasani.

Mwaka 1954, katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro, mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza hatua anazopitia mtu anayehamia utamaduni mgeni: furaha ya mwanzo, kisha hasira na kuwakinai wenyeji, baadaye nafuu, mwishowe mazoea. Hatua ya pili ndiyo ngumu na huja wakati mbaya, miezi kadhaa baada ya kufika, ndugu wa nyumbani wakiwa wamepunguza kuandika na mradi ukiwa haujaonyesha kitu. Kutazamwa kila hatua humchosha mtu ambaye alikulia mahali penye faragha. Wanawake hubeba mzigo wa ziada wa kusumbuliwa njiani na kuulizwa kwa nini hawana mume, na wakilalamika huambiwa na ofisi zao wazingatie mila, jibu lisilo la haki, kwani hakuna mila ya kijiji chochote inayoruhusu mgeni kudhalilishwa. Mmarekani mweusi hushangaa wenyeji wanaposhuku kama kweli ni Mmarekani. Mwenye asili ya Korea huitwa Mchina miaka yote miwili.

Namna ya kusimulia maisha haya kwa watu wa nyumbani ina hatari zake. Oktoba 1961 mwanamke kijana wa Peace Corps aliyekuwa mafunzoni Ibadan, Nigeria, aliandika kadi ya posta kwa rafiki yake akieleza hali duni aliyoiona. Kadi ikaokotwa na wanafunzi wa chuo kikuu, ikanakiliwa na kusambazwa, yakazuka maandamano, na mwandishi wake akaondoka nchini. Alikuwa ameandika kwa mshangao, bila nia mbaya. Wanafunzi nao walikuwa raia wa nchi iliyokuwa huru kwa mwaka mmoja tu, wakisoma jinsi nchi yao inavyoelezwa nyuma ya mgongo wao. Siku hizi hakuna haja ya kadi kuokotwa. Picha ya mtoto mwenye kamasi iliyowekwa mtandaoni jioni huonekana kwenye simu ya shangazi yake usiku huohuo, na mgeni hushindwa kuelewa kwa nini kesho yake salamu zimepoa.

Upande wa wenyeji

Vitabu na ripoti nyingi husimulia karaha za mgeni. Za mwenyeji husikika kidogo, ilhali ni za muda mrefu zaidi. Mwalimu mkuu au mganga wa zahanati huweza kumpokea mgeni wa kwanza, akamfundisha lugha, akamtafutia nyumba na msaidizi, akamtetea kwa wazee. Mgeni huyo anapoanza kufaa, muda wake unakwisha. Anakuja wa pili, naye anaanza upya na wazo tofauti, na faili la yule wa kwanza halionekani. Wa tatu anauliza maswali yaleyale. Kazi hii ya kulea wageni hailipwi wala haiandikwi kwenye ripoti yoyote, na bila hiyo hakuna mradi hata mmoja ambao ungefika mwezi wa sita.

Kuna pia wenyeji wanaojitolea wenyewe. Katika shule nyingi za Tanzania wapo wahitimu wa vyuo vya ualimu wanaofundisha bila ajira, wakipewa kitu kidogo na wazazi, wakitumaini kwamba siku moja majina yao yatatoka. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walizunguka nyumba kwa nyumba kwa miaka mingi kwa viatu vyao wenyewe. Mmoja wa watu hao akifanya kazi meza moja na mgeni anayepewa nyumba na fedha za kujikimu, huku wote wawili wakiitwa wanaojitolea, donge huwa kubwa hata lisiposemwa. Septemba 2023 Kenya iliwapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwawekea malipo ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Kiasi ni kidogo, lakini kinakiri kwamba hiyo ni kazi.

Wapo waliokataa kabisa mfumo huu wa kujitolea ugenini. Aprili 1968 padri na mwanafalsafa Ivan Illich alisimama mbele ya vijana wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kujitolea vijijini Mexico na kuwaambia waziwazi wasiende, kwa kuwa uwezo wa kusaidia hawakuwa nao na nia njema haikutosha. Alivuka mpaka alipowajumuisha wote. Lakini kuhusu ziara za wiki mbili au tatu zinazouzwa leo kwa vijana wanaolipa ili wapake rangi madarasa au walee yatima, hoja yake ina nguvu zaidi sasa kuliko wakati ule. Fundi wa kijiji angepaka rangi vizuri zaidi na ujira ungebaki nyumbani kwake. Kwa watoto madhara ni makubwa, maana mtoto anayezoeshwa mlezi mpya kila mwezi huumia kila mmoja anapoondoka, na makao yanayoingiza fedha za wageni hupata sababu ya kuwatafuta watoto wenye wazazi hai. Mwaka 2017 Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Ulikuwa uamuzi sahihi.

Siku ya kuondoka

Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, Peace Corps iliwaondoa kwa mara ya kwanza katika historia yake watu wake wote, karibu 7,000, kutoka nchi zaidi ya 60. Wengi walipewa siku chache, na wengine waliondoka bila kuaga. Madarasa ya fizikia yalibaki katikati ya mada, na vitalu vya miche vikabaki na yeyote aliyekuwa na ndoo. Tukio hilo la ghafla lilionyesha kwa wiki moja kile ambacho kwa kawaida huchukua miaka kuonekana. Kazi iliyokuwa na mwenyeji mwenye wadhifa, bajeti na sababu yake mwenyewe ya kuiendeleza haikumhitaji mgeni ili iendelee. Iliyokuwa imesimama juu ya simu na marafiki wa mgeni ilianguka pamoja na safari yake.

Baadhi ya nchi zimejaribu kurekebisha mpangilio wenyewe. Norway iliacha kupeleka watu upande mmoja na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikageukia kubadilishana: muuguzi wa Afrika huenda Norway kama vile wa Norway anavyokuja Afrika, na taasisi mbili za Afrika huweza kubadilishana watu wao kwa wao. Weltwärts imekuwa ikipokea vijana wa nchi za Kusini nchini Ujerumani tangu 2013. Aliyewahi kuwa mgeni kwenye baridi ya Ulaya, akingoja kibali na kutokuelewa vikao, hurudi akijua namna ya kumpokea mgeni mwingine, na Mzungu aliyewahi kuongozwa kazini na Mwafrika hurudi kwao na mtazamo uliokomaa.

Marekebisho makubwa zaidi yanaweza kuanzia kijijini, na hayahitaji mfadhili. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya Tanzania ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mtu mzima ana sauti, ndicho chombo kikuu cha kuamua mambo ya sera za kijiji. Mkutano huo una haki ya kumuuliza mgeni, kabla nyumba haijatafutwa, kazi gani hasa itakuwa imekamilika atakapoondoka, na kumwambia mbele ya watu wote nani atakuwa mwenzake wa kazi. Una haki ya kumpangia kazi iliyokwisha kuanzwa, na una haki ya kukataa. Viongozi wa vijiji na waitumie haki hiyo, wayaandike majibu katika muhtasari wa mkutano, na nakala yake akabidhiwe mgeni siku anapofika.